Nyumba ya Pembe Nane Iliyoachwa Bila Kumalizwa

Katika mji wa Natchez, juu ya ukingo wa mto Mississippi kusini mwa Marekani, ipo nyumba ambayo mgeni akiiona kwa mara ya kwanza katikati ya miti hudhani amepotea njia na kutokea nchi za mashariki. Kuta zake ni nane. Roshani zake zimeshikwa na nguzo nyembamba zenye nakshi. Na juu kabisa, mahali ambapo majumba ya matajiri wa nchi ile huwa na paa la kawaida, limeketi kuba lenye umbo la kitunguu. Nyumba hiyo inaitwa Longwood, nayo ndiyo kubwa kuliko nyumba zote za pembe nane zilizosalia katika Marekani.

Lakini umbo si ajabu yake kubwa. Mgeni akishamaliza kutembezwa katika ghorofa ya chini, yenye vyumba vilivyopigwa rangi, vitanda, meza na picha za familia ukutani, hupandishwa ngazi na kukuta kwamba juu hakuna nyumba. Kuna matofali matupu yasiyopigwa lipu. Kuna boriti zilizo wazi, dari zisizotandazwa, na uwazi mkubwa wa katikati unaopanda moja kwa moja hadi ndani ya kuba. Yapo pia makasha na zana za mafundi, zilizowekwa chini mwaka 1861 na hazikuinuliwa tena. Vyumba 32 ndivyo vilivyokusudiwa, na vilivyomalizika ni 9 tu.

Tunawaandikia wasomaji wetu wa pwani habari za nyumba hii ya mbali kwa kuwa aliyeteseka ndani yake alikuwa mjane, na walioinusuru ni wanawake. Tena, pamba iliyowatajirisha wenye majumba kama haya ilifika hadi katika makasha ya nguo ya bibi zetu, kama tutakavyoona. Na mji wenyewe una kisa cha Mwislamu mmoja ambacho tungependa kila nyumba ya Kiislamu ikijue.

Mwenye Longwood alikuwa Haller Nutt, mkulima wa pamba aliyezaliwa mwaka 1816. Alikuwa mtu wa elimu na wa majaribio, mwenye kupenda kuboresha mbegu na mitambo ya pamba. Alikuwa pia mmiliki wa watu. Hesabu inayotajwa sana ni kwamba yeye na mashamba yake walimiliki watumwa wapatao 800. Mkewe alikuwa Julia Williams, na inasemekana ni yeye aliyekipenda kiwanja kile. Mwaka 1860 Nutt alimwajiri Samuel Sloan, msanifu majengo mashuhuri wa Philadelphia, ambaye katika kitabu chake cha ramani za nyumba alikuwa amechora jumba la pembe nane kwa mtindo aliouita wa mashariki.

Kwa nini pembe nane? Miaka 12 kabla ya hapo, mwaka 1848, Mmarekani mmoja aitwaye Orson Squire Fowler alitoa kitabu cha kuwashawishi watu waache kujenga nyumba za mraba. Fowler hakuwa fundi wala msanifu; kazi yake ilikuwa kupima vichwa vya watu na kudai kuzijua tabia zao kwa umbo la fuvu, elimu ambayo leo haina mwenye kuiamini. Hata hivyo hesabu yake ya nyumba ilikuwa sahihi, na watoto wetu wanaweza kuijaribu uwanjani kwa kamba. Chukua kamba ya futi 64. Ukiizungusha iwe mraba, kila upande utakuwa futi 16, na eneo la ndani litakuwa futi za mraba 256. Kamba ile ile ukiifanya umbo la pembe nane, kila upande ukawa futi 8, eneo la ndani litafika takriban futi za mraba 309. Ukuta haukuongezeka hata inchi moja, na nafasi imeongezeka kwa sehemu moja katika tano. Fowler aliongeza kuwa nyumba ya namna hiyo humpunguzia mama wa nyumba mwendo, kwa sababu vyumba vyote vimekizunguka kitovu kimoja, na kwamba mwanga na hewa huingia kutoka pande zote.

Asilolieleza sana ni habari ya kona. Kitanda ni cha mstatili, kabati ni la mstatili, na ukikata pembe nane kuwa vyumba, lazima pabaki vijichumba vya pembetatu ambavyo havimfai mtu ila kuwekea mifagio. Mtindo ulivuma kwa miaka kumi hivi, kisha ukafifia. Nyumba ya Fowler mwenyewe, yenye vyumba 60, ilibomolewa mwaka 1897.

Umbo lenyewe, bila shaka, ni la kale kuliko Marekani. Msomaji wetu asihitaji kwenda mbali kulikumbuka: Qubbat as-Sakhra ya Baytul Maqdis, iliyokamilishwa zama za Khalifa Abdulmalik bin Marwan, mwaka 72 Hijria, imejengwa juu ya kuta nane, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 20 hivi. Waashi wa Kiislamu walijua siri ya umbo hilo. Kuba ni la duara, na chumba kwa kawaida ni cha mraba. Duara haliketi vyema juu ya mraba, kwa kuwa pembe nne hubaki zikining'inia bila cha kushikilia. Pembe nane ndiyo daraja baina ya hayo mawili. Sloan alifuata njia hiyo hiyo pale Longwood: kuta nane chini, juu yake mnara wa mbavu 16, kisha kuba. Inasimuliwa kwamba alikusudia kutega vioo huko juu ili vilivute jua na kulimwaga chini kwa chini hadi ghorofa ya mwisho, ili mchana asiwepo wa kuwasha taa.

Matofali yalichomwa hapo hapo kiwanjani, na mikono iliyoyachoma ilikuwa mikono ya watumwa. Mafundi wa kazi za ustadi waliletwa kutoka Philadelphia. Kwa pamoja waliinua kuta na kuba kwa kasi ya kustaajabisha, na ilipofika masika ya mwaka 1861 nyumba ilikuwa imesimama kwa nje, ikingojea kutengenezwa ndani. Mwezi wa Aprili vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, na sababu yake kubwa ni huo huo utumwa. Mafundi wa kaskazini wakaweka zana chini na kurejea kwao. Nutt aliwatumia mafundi waliobakia, wakiwamo watumwa wake, kumaliza vyumba vya ghorofa ya chini mwaka 1862, ili familia yake ipate pa kukaa kwa muda. Muda huo ulikuwa mrefu kuliko alivyodhani.

Hapa tutoke kidogo Natchez turudi kwetu. Bibi zetu walikuwa na nguo iliyoitwa merikani: pamba nyeupe isiyotiwa rangi, ngumu, yenye kudumu, iliyoshonwa kanzu na shuka, na iliyobebwa na misafara ya bara kama fedha. Jina lake linajieleza. Tangu Marekani ilipofanya mkataba na Sayyid Said mwaka 1833, merikebu za Salem, jimbo la Massachusetts, zilizoea kuja Unguja na majora ya nguo hiyo, zikarudi na pembe, ngozi na sandarusi. Viwanda vilivyoifuma vilikuwa kaskazini mwa Marekani. Pamba yake ilitoka kusini, katika mashamba kama yale ya Nutt na majirani zake. Vita vilipokuja, pamba ikakatika, na merikani ikaadimika katika masoko yetu. Nguo za Uingereza na za Bara Hindi zikaingia mahali pake. Kwa hiyo vita vilivyowakimbiza mafundi wa Longwood viligusa pia duka la nguo la Unguja na la Mombasa. Aliyevaa merikani hapa alikuwa amevaa jasho la mtumwa wa kule bila kujua, na mara nyingi jora hilo hilo lilipelekwa bara kununulia pembe, na pamoja na pembe, watu. Hatupendi kulisema, lakini ndivyo biashara ilivyokuwa.

Nutt alikuwa mtu wa ajabu katika siasa za wakati wake. Alimiliki watumwa, na papo hapo alipinga majimbo ya kusini kujitenga na Marekani. Msimamo huo haukumfaa kitu. Pamba yake iliteketezwa, mashamba yake yakaharibiwa na majeshi, na mnamo Juni 1864 akafa kwa ugonjwa wa mapafu, vita vikiwa bado havijamalizika.

Julia alikuwa na umri wa miaka 42 na watoto 8 wa kulea. Utajiri ulikwisha, kilichobaki ni madeni na nyumba ambayo juu yake palikuwa na ghorofa juu ya ghorofa za upepo mtupu. Aliishi katika vile vyumba 9 vya chini kwa miaka 33 ya ujane wake, hadi alipofariki mwaka 1897. Kwa miaka mingi aliifuatia serikali ya Marekani alipwe fidia ya mali iliyochukuliwa na jeshi lake, kwa hoja kwamba mumewe hakuwa adui wa serikali hiyo. Mwisho alilipwa sehemu tu ya alichokidai. Tunamsikitikia kama tunavyomsikitikia mjane yeyote anayezungushwa na maofisa. Wala hatusahau kwamba katika mashamba yale yale walikuwako kina mama waliokuwa na madai makubwa kuliko yake, ambao hakuna ofisi iliyowafungulia faili.

Kizazi hadi kizazi nyumba ilibaki mikononi mwa familia, hadi wajukuu walipoiuza mwaka 1968. Mnunuzi alikuwa tajiri wa Texas, na miaka miwili baadaye, mwaka 1970, nyumba ikakabidhiwa Pilgrimage Garden Club, chama cha wanawake wa Natchez. Mwaka 1969 serikali ilikuwa imeshaitangaza kuwa miongoni mwa majengo ya historia ya taifa.

Habari ya wanawake hawa inastahili kusimuliwa. Mwaka 1931, Natchez ikiwa maskini na imesahauliwa, vyama vya wanawake wapenda bustani vya jimbo zima vilialikwa kuja kutazama maua. Baridi ikaja kwa kuchelewa na kuyaua maua yote. Wenyeji, kwa kuona haya mbele ya wageni, wakawafungulia milango ya majumba yao ya kale, yaliyokuwa yakimenyeka rangi na kuvuja mapaa. Wageni wakayapenda kuliko maua. Mwaka uliofuata wakaanzisha ziara ya kila masika, mgeni akilipa kiingilio, na fedha hizo zikawa za kuziba mapaa na kuimarisha kuta. Mji uliokuwa ukifa ukapata riziki kwa nyumba zake. Ni akili ya akina mama iliyofanya hivyo, si ya serikali wala ya benki.

Walipopewa Longwood, jambo la kwanza ambalo kila mtu angelitarajia ni kuimaliza. Ramani za Sloan zipo. Mafundi wapo. Lakini iliafikiwa kwamba isimalizwe kamwe. Ghorofa za juu zibaki kama zilivyoachwa, na zana zibaki pale pale. Uamuzi huo si rahisi kama unavyosikika. Yeyote aliyekulia katika nyumba ya mawe hapa pwani anajua kwamba ukuta wa matumbawe usiopigwa chokaa hunywa mvua hadi ukaoza, na boriti isiyofunikwa ni karamu ya mchwa. Kuihifadhi nyumba iliyokamilika ni kuitunza ngozi yake. Kuihifadhi isiyokamilika ni kuilinda bila ngozi: mapaa na madirisha yasiache tone, matofali yapumue, mbao zikaguliwe, na hayo yote yafanywe bila kuongeza kitu kitakachoonekana.

Kwa maoni yetu, uamuzi ule ulikuwa wa haki. Longwood ingemalizwa leo kwa marumaru na mazulia, ingekuwa jumba zuri moja zaidi, na mgeni angeondoka akiusifu utajiri. Ilivyo sasa, mgeni husimama mbele ya tofali tupu. Ulimwengu uliokuwa ukijenga nyumba ile ulisimama ghafla siku moja, na haukustahili kuendelea.

Hata hivyo, kina mama wa Natchez, pamoja na sifa zao zote, kwa miaka mingi walisimulia nusu ya kisa. Waongozaji walivaa magauni mapana ya zama zile na kueleza habari za bwana na bibi wa nyumba, vyombo vyao na karamu zao. Waliochoma matofali walipita katika maneno kama kivuli. Raia weusi wa mji ndio walioshikilia, kwa miaka mingi, kwamba lazima nusu ya pili nayo ihifadhiwe. Pembeni mwa mji palikuwa na njia panda iitwayo Forks of the Road, moja ya masoko makubwa kabisa ya kuuzia watu katika kusini yote ya Marekani. Hakikubaki hapo jengo hata moja. Leo ni sehemu ya hifadhi ya taifa ya Natchez, na mgeni huona pingu za chuma zilizozamishwa katika saruji.

Na hapa ndipo tunapofika kwa yule Mwislamu. Miaka 72 kabla ya Longwood kuanza kujengwa, mwaka 1788, aliletwa Natchez kijana wa miaka ishirini na kitu aitwaye Abdul Rahman Ibrahima. Alikuwa mwana wa Almami wa Futa Jallon, nchi iliyo katika Guinea ya leo; amesoma Timbuktu, anaandika Kiarabu, amewahi kuongoza jeshi. Alitekwa vitani, akauzwa kwa Waingereza kwenye mto Gambia, akavushwa bahari, akanunuliwa na mkulima aitwaye Thomas Foster. Alilima pamba ya Foster kwa miaka 40. Alimwoa Isabella, mtumwa mwenzake, wakapata watoto 9.

Mwaka 1807, sokoni, alikutana uso kwa uso na tabibu Mwairishi, Dk. John Cox. Miaka mingi kabla, Cox alipotea katika nchi za Futa akiwa mgonjwa, akakaribishwa na kuuguzwa katika nyumba ya baba yake Abdul Rahman huko Timbo. Walijuana pale pale. Cox alijaribu kumnunua ili amwache huru, Foster akakataa. Ilikuwa hadi mwaka 1826 ndipo barua aliyoiandika kwa Kiarabu ilipopelekwa, ikamfikia Sultani wa Morocco, na Sultani akamwombea. Rais John Quincy Adams akaingilia kati, na mwaka 1828 Abdul Rahman akaachiwa, kwa sharti la kuihama nchi. Watu wa Natchez walichanga fedha za kumkomboa mkewe. Watoto walibaki.

Alizunguka miji ya kaskazini akichangisha ili awakomboe. Huko Philadelphia, Desemba 1828, mtu mmoja alimwomba amwandikie kwa Kiarabu sala wanayosali Wakristo. Abdul Rahman akachukua kalamu na kuandika Suratul Fatiha. Aliyeomba akaandika chini yake kwa Kiingereza kwamba hii ndiyo sala ya Bwana, akaiweka kwa heshima. Mwaka uliofuata Abdul Rahman na Isabella walivuka bahari hadi Liberia, na mwezi wa Julai 1829, kabla ya kuiona tena Timbo, akafariki huko Monrovia akiwa na miaka 67. Baadhi ya watoto wao walifika mwaka uliofuata. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Haller Nutt alikuwa mtoto wa miaka 12 wakati mzee huyu alipoondoka Natchez. Alipokua alitamani kuba la mashariki juu ya kichwa chake, akalitafuta katika kitabu cha ramani kutoka Philadelphia. Mtu aliyesali chini ya misikiti ya magharibi ya Afrika, aliyejua kubuniwa kwa maneno ya nchi hizo na maana yake, alikuwa amekaa miaka 40 katika mji ule ule akilima pamba, na hakuna aliyemjengea hata kibanda cha kumkumbuka.

Mji wetu wa kale wa Lamu uliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 2001. Tunazijua familia za Lamu, za Mombasa na za Pate ambazo nyumba zao zina warithi 20 au 30, kila mmoja anangoja mwenzake aanze kuziba paa. Tunazijua pia habari ambazo hazisemwi katika nyumba hizo: nani alivunja matumbawe baharini, nani aliyabeba kichwani, nani alikanda chokaa, na je, alilipwa ujira au alikuwa mali ya mwenye nyumba. Bibi wengi bado wanakumbuka majina ya mafundi, na wachache wanakumbuka majina ya waliokuwa chini ya mafundi. Tungependa kuyapokea na kuyachapa humu, pamoja na picha ya nyumba ikiwa ipo, hata kama paa lake limeshaanguka.

Longwood bado iko wazi kwa wageni. Ghorofa ya chini ina samani za Julia. Juu, makasha ya mafundi yako pale yalipowekwa, na nuru inaingia kwenye matofali bila msaada wa vioo vya Sloan. Karatasi ya Fatiha nayo ipo, imehifadhiwa Philadelphia, na maneno ya Kiingereza chini yake hayajafutwa.